Mlima au msitu: jinsi wiki ya skii inavyoupima mwili

Mke anataka mlima, mume anataka msitu, na likizo yenyewe ni wiki moja tu ya mwezi Machi. Mke ameona picha za Åre, Sweden, ambako lifti humpandisha mtu hadi karibu na kilele cha Åreskutan, mita 1,420 juu ya usawa wa bahari, kisha akateremka kwa kasi mpaka kijijini. Mume anaitamani Sjusjøen, karibu na Lillehammer nchini Norway, ambako njia zilizochongwa kwenye theluji hupita katikati ya misonobari na mtu husonga kwa nguvu zake mwenyewe. Kila mmoja anakiita anachokitaka skii, lakini mwili unaipokea kama michezo miwili tofauti. Skii za mteremko huelemea mapaja na magoti. Skii za masafa huelemea moyo na mapafu. Wakienda mahali penye vyote viwili, kama Geilo au Trysil huko Norway, hakuna haja ya mmoja kushindwa. Wabadilishane siku, na mwili utawashukuru.

Kwa umri wa mchezo, mume ana hoja nzito zaidi. Skii iliyofukuliwa Kalvträsk, kaskazini mwa Sweden, mwaka 1924 ina zaidi ya miaka 5,000, na waliozitumia zama hizo walikuwa wawindaji na wasafiri waliohitaji kuvuka nyika iliyofunikwa na theluji. Kuteremka kama mchezo ni jambo la majuzi. Anayetajwa sana ni Sondre Norheim wa Morgedal, katika mkoa wa Telemark, aliyezaliwa mwaka 1825 na kubuni vifungio vilivyoshika kisigino vizuri kiasi cha kumwezesha mtu kuruka na kukata kona bila skii kumtoka mguuni.

Kushuka si kupumzika

Ukimtazama kwa mbali mtu anayeteremka, utadhani mlima ndio unaofanya kazi yote. Kasi kweli inatoka kwenye mlima, lakini kazi ya kuizuia ni ya misuli ya mbele ya paja. Katika kila kona misuli hiyo hukaza huku ikivutwa na kurefuka, na ukazaji wa namna hiyo ndio unaochana nyuzi zake ndogo kuliko mwingine wowote. Waliopanda Kilimanjaro wanalijua jambo hili: pumzi huisha wakati wa kupanda, lakini mapaja huuma kwa sababu ya kushuka. Maumivu hayo hayaji papo hapo. Huanza kesho yake na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Mgeni aliyeteremka kutwa Jumatatu, kwa hiyo, huwa na miguu dhaifu kuliko yote Jumanne na Jumatano, siku ambazo tayari amepata ujasiri na anataka kuhamia njia ngumu zaidi. Ujasiri unapanda na nguvu zinashuka, na mara nyingi goti ndilo linalolipa gharama.

Hesabu inayotajwa sana katika tafiti za mchezo huu ni majeruhi wawili hadi watatu kwa kila siku 1,000 za kuteleza, yaani watu 1,000 wakiteremka kwa siku moja. Zamani majeraha mengi yalikuwa mifupa ya miguu iliyovunjika. Mnorwe mmoja aliyehamia Marekani, Hjalmar Hvam, alivunjika mguu mwaka 1937, na wakati wa kuuguza jeraha hilo akabuni kifungio kinachoachia buti mtu anapoanguka. Vifungio vya aina hiyo vilipoboreshwa na kuenea, kuvunjika kwa mfupa wa muundi kulipungua sana. Goti halikupata nafuu hiyo. Ligamenti ya ndani inayozuia muundi usisogee mbele bado inakatika, na hatari ni kubwa zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, jambo linalohusishwa na tofauti za maumbile, nguvu za misuli na homoni.

Namna ligamenti hiyo inavyokatika inajulikana vizuri. Mtu anaegemea nyuma, makalio yanashuka chini ya usawa wa magoti, uzito wote unahamia kwenye mkia wa skii ya upande wa bondeni, skii inakata ndani na kuusokota muundi. Mara nyingi hutokea pale mtu anapojaribu kujiinua huku bado anateleza. Makocha hufundisha kuweka mikono mbele ya mwili daima, na ukishaanguka, tulia hadi usimame kabisa ndipo uinuke. Kukubali kuanguka ni ujuzi, na wanaume wengi wazima huuchelewa.

Halafu kuna dakika chache za dukani, pale mnapokodi vifaa. Fundi atamuuliza kila mmoja uzito, urefu, umri na kiwango chake cha ujuzi, kisha apime urefu wa soli ya buti. Kwa majibu hayo anakaza springi ya kifungio. Hapa ndipo aibu ya mbele ya mwenza inapoweza kumvunja mtu. Anayejiita mzoefu kumbe hajui kitu atakaziwa kifungio kupita kiasi, na siku ya kuanguka hakitaachia. Anayepunguza kilo zake kitamwachia kabla ya wakati, katikati ya kona. Semeni ukweli, hata kama mwenzako anasikia. Mkishavaa, anzieni njia za kijani, kisha bluu. Nyekundu na nyeusi zitawangoja.

Injini ya msituni

Siku inayofuata, waende msituni wote wawili. Kwenye skii za masafa kisigino huachwa huru, mikono husukuma kwa fimbo, na kiwiliwili chote hushiriki. Ni michezo michache inayoyatumikisha makundi mengi ya misuli hivi kwa wakati mmoja, na misuli mingi ikidai oksijeni kwa pamoja, moyo hulazimika kusukuma damu nyingi. Kipimo cha uwezo huo ni mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa dakika kwa kila kilo ya uzito. Kijana wa kiume asiyefanya mazoezi huwa na takribani 40 hadi 45; mabingwa wa kiume wa skii za masafa hupita 80.

Uwezo huo hautoshi peke yake, na shahidi wetu ni Mkenya. Philip Boit alikuwa mkimbiaji kutoka nyanda za juu za Bonde la Ufa, nyumbani kwa mapafu na miguu ambayo dunia inaiogopa. Akapelekwa Finland kujifunza skii, na mwaka 1998 akashiriki kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, takriban dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alibaki kwenye mstari wa mwisho kumsubiri na kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Injini alikuwa nayo. Kilichokosekana ni miaka ya kujifunza kuhamisha uzito wote kutoka skii moja hadi nyingine kila hatua, jambo ambalo watoto wa Norway hulianza karibu wakati mmoja na kutembea.

Kuteleza kwenyewe kuna sayansi yake. Skii inaposugua theluji hutoa joto kidogo, na joto hilo hutengeneza utando mwembamba wa maji unaolainisha njia. Baridi ikizidi sana utando haufanyiki vizuri na theluji hukwaruza kama mchanga mkavu. Kwa mtindo wa kawaida, skii imepinda katikati: ukisimama kwa miguu miwili sehemu hiyo haigusi chini, ukikanyaga kwa mguu mmoja inashuka na kung'ata theluji. Hapo katikati hupakwa nta inayochaguliwa kwa halijoto ya siku, au huwekwa kipande chenye manyoya mafupi, ambacho ndicho ninachompendekezea mgeni. Nta zenye florini zilizokuwa zikiwapa washindani kasi zimepigwa marufuku katika mashindano ya shirikisho la kimataifa la skii tangu msimu wa 2023/24, baada ya kemikali zake zisizooza kukutwa kwa wingi katika damu ya mafundi wa nta.

Je, mchezo huu unarefusha maisha? Sweden ina mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Vasaloppet, mbio za kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora zilizoanza mwaka 1922, huvuta maelfu ya watu wa kawaida, na majina yao yamelinganishwa na rekodi za hospitali na vifo. Utafiti wa mwaka 2003 ulikuta kwamba vifo miongoni mwa washiriki vilikuwa chini ya nusu ya vilivyotarajiwa kwa watu wa umri wao. Tusishangilie haraka: anayejiandikisha kuteleza kilomita 90 huenda havuti sigara, na tayari alikuwa na afya njema. Utafiti mwingine wa mwaka 2013, uliofuatilia watu zaidi ya 52,000, ulionyesha upande wa pili. Waliomaliza mbio nyingi zaidi na waliokuwa na kasi zaidi walipata matatizo ya mdundo wa moyo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mtalii wa wiki moja hayumo katika kundi hilo. Aende kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenziwe sentensi nzima bila kukatika pumzi.

Pumzi hiyo nayo ina adui wake. Hewa ya baridi kali ni kavu, na ukihema kwa nguvu hukausha njia za hewa na kuzifanya zibane. Pumu imeonekana kuwa ya kawaida zaidi kwa wanamichezo wa skii za masafa kuliko kwa watu wengine, na mashindano ya kimataifa hayaanzishwi halijoto ikiwa chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta katika mfuko wa ndani, karibu na mwili, na afunike mdomo kwa kitambaa chepesi kinachopasha hewa moto kabla haijaingia.

Baridi, jua na damu

Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ipoteze joto kana kwamba ni karibu nyuzi 20 chini. Anayeteremka hujitengenezea upepo huo mwenyewe, kisha hukaa tuli kwenye lifti ya viti. Wa msituni hatari yake ni jasho: pamba ikilowa hunyonya joto la mwili, kwa hiyo nguo ya kwanza mwilini iwe ya sufu au kitambaa cha michezo kinachokauka upesi.

Kwa wasomaji wengi wa gazeti hili kuna la ziada. Tafiti katika majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari weusi hupata majeraha ya baridi ya vidole mara nyingi zaidi kuliko weupe, na sababu mojawapo inayotolewa ni kwamba mishipa yao hukawia kufunguka tena ikishabanwa na baridi. Wekundu na weupe unaotajwa kwenye vitabu vya huduma ya kwanza hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Tegemeeni hisia: kidole kilichokuwa kinauma kikinyamaza ghafla, au ngozi ikiwa ya kijivu na ngumu kama nta, ingieni ndani. Kiwekeni kwapani au kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39. Kamwe msikisugue kwa theluji.

Mwenye ugonjwa wa selimundu amwone daktari kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa baridi na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Baridi yenyewe huongeza mkojo huku ikipunguza kiu, hivyo kunyweni hata bila hamu. Mwinuko, kwa upande wake, usiwasumbue. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo mkazi wa jiji hilo akifika kilele cha Åreskutan amekwisha kushuka.

Jua la Machi linadanganya. Theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na macho yanaweza kuungua bila mtu kujua, hadi jioni yanapowasha kama yametiwa mchanga. Ngozi nyeusi inajikinga kwa kiasi fulani; jicho halina kinga hiyo. Miwani ni ya lazima hata mawingu yakitanda.

Ratiba ninayowapendekezea wawili hawa ni nusu siku ya mteremko pamoja na mwalimu, kesho yake msituni taratibu, kisha kurudi mlimani mapaja yakiwa yametulia. Pombe isubiri hadi vifaa virudishwe, kwa sababu hupanua mishipa ya ngozi na kumfanya mtu ahisi joto wakati anapoteza joto. Wanorwe wana kanuni tisa za usalama mlimani, zilizotolewa kwanza mwaka 1952 na kurekebishwa 2016, na mojawapo inasema kugeuka mapema si aibu. Zisomeni kabla ya kwenda, na msitoke nje ya njia zilizowekwa alama bila kuangalia tahadhari ya maporomoko ya theluji inayotolewa na mamlaka za nchi hizo.

Kama mnatoka Afrika Mashariki, bima ya viza ya Schengen lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu, lakini si kila bima inagusa michezo ya theluji; ulizeni na mpate jibu kwa maandishi. Gari la wagonjwa Norway huitwa kwa 113, Sweden kwa 112. Namba hizo ziwe kwenye simu zenu zote mbili, na simu ziwe mfuko wa ndani, kwani betri hufa haraka kwenye baridi.