Kutoka Nyarugusu hadi Kilwa: Dhahabu ya wazee wetu ilijenga nini?

Swali lililotutoa nyumbani liliulizwa na binti yetu mkubwa, aliye kidato cha pili. Alikuwa akitazama katika simu ya mama yake picha za familia moja iliyozuru miji ya Ulaya wakati wa likizo: leo Paris, kesho Roma, keshokutwa Granada, na kila mji una jengo lake la kustaajabisha. Alipomaliza akanigeukia akasema, "Baba, wazee wetu sisi walijenga nini? Au walichimba tu?"

Anayeishi Nyarugusu ataelewa kwa nini swali hilo lilinichoma. Kata yetu, katika Wilaya ya Geita, inaishi kwa dhahabu. Asubuhi huanza kwa mlio wa makarasha yanayosaga mawe, na jioni mazungumzo ni ya maduara: lipi limetoa, lipi limekauka, lipi limejaa maji. Wajerumani waliitambua dhahabu ya Geita mwaka 1898, na tangu hapo mikono mingi imeitoa ardhini. Lakini nyumba zetu nyingi hujengwa kwa haraka, kwa kuwa mwenye nyumba hajui kama mwakani atakuwa hapa au atakuwa ameifuata rashi mpya kwingine. Msikiti wa mtaa wetu una paa la mabati, na mahali pake pa kutawadhia ni pipa na makopo.

Wiki ile nilikuwa nimepokea fungu langu katika duara tunalochimba kwa ubia, nami nilikwisha kuazimia kuliingiza katika duara jingine. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Duara la pili lilimeza, na la tatu likameza. Fedha hii tukiwaonesha watoto jambo la maana, nani atalimeza?" Sikuwa na jibu. Tulitoa zaka yake, tukaweka akiba ya chakula na ada za shule, na kilichobaki tukakifanya nauli. Ulaya hatuiwezi. Tulikubaliana kwenda pwani, tukatazame miji ya Waislamu waliotutangulia katika nchi yetu wenyewe.

Andalusi ndani ya Kinondoni

Tulisoma dua ya safari, tukapanda basi kupitia Nzega na Singida hadi Dodoma, tukisali kwa kupunguza na kukusanya kama sharia ilivyomrahisishia msafiri. Dodoma tulipumzika, kisha tukashuka Dar es Salaam kwa treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024. Mtoto wetu mdogo, ambaye hajapata kuona treni, hakulala hata dakika moja.

Dar es Salaam tulikwenda Kinondoni kuutazama msikiti uliopewa jina la Mfalme Muhammad VI wa Morocco, ambaye alizuru nchi yetu mwaka 2016 na kuujenga kuwa zawadi kwa Waislamu wa Tanzania. Nilitaka binti yetu auone kwanza, kwa sababu ufundi wa Morocco ni ndugu wa ufundi wa Andalusi, yaani Hispania ya Kiislamu. Wajenzi na wanazuoni walikuwa wakivuka bahari nyembamba iliyo kati ya nchi hizo mbili kwa karne nyingi, na Waislamu walipofukuzwa Hispania wengi wao walihamia Morocco pamoja na ujuzi wao.

Nilimweleza kwamba katika picha zile za Ulaya mna majengo yaliyoinuliwa na mikono ya Waislamu. Msikiti wa Cordoba ulianza kujengwa karibu mwaka 785, zama za Abdurrahman wa Kwanza, na matao yake mekundu na meupe yaliyopandana ghorofa mbili yanatazamwa na watalii wa dunia nzima hadi leo. Mwaka 1236 mji ulipotekwa, msikiti ukageuzwa kanisa, na jengo hilo limebaki kanisa. Na kasri la Alhambra huko Granada, alilolitazama katika simu, sehemu zake mashuhuri ni za karne ya 14.

"Kwa hiyo hao walijua kujenga," akasema. "Na sisi?"

Ikabidi tuendelee na safari.

Mawe ya baharini

Kaole iko kilomita chache kusini ya Bagamoyo mjini, karibu na mikoko. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, mengine yenye nguzo ndefu za mawe. Hakuna kelele, upepo tu na ndege. Tuliwasalimia wenyeji wa makaburi kama Mtume (SAW) alivyofundisha, tukawaombea.

Watoto walishangaa kwamba kuta zile si za matofali wala za mawe ya mlimani. Ni matumbawe, mawe ya baharini. Mafundi wa pwani walikata matumbawe yakiwa bado mabichi na laini, wakayachonga, kisha yakakauka hewani na kuwa magumu. Mengine waliyapanga juu ya magogo na kuyachoma yakawa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo iliyoshikamanisha ukuta. Dari ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazivuki urefu mkubwa, vyumba vya nyumba za kale za pwani vilikuwa virefu lakini vyembamba. Mti wa mkoko ndio uliompimia fundi upana wa chumba.

Mimi ni mchimbaji, na jambo hilo nalijua kwa njia yangu. Ndani ya duara tunasimamisha matimba ili udongo usituangukie, na upana wa njia huamuliwa na urefu wa mti tulio nao. Nilimwambia binti yangu hivyo, naye akacheka: "Kumbe fundi wa msikiti na wewe mnasoma kitabu kimoja."

Mji uliojengwa kwa dhahabu

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni mwendo wa kilomita zipatazo 300, na njiani tulivuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Kibali cha kuzuru magofu hupatikana Masoko, kisha mgeni huvuka maji kwa mashua. Mzee aliyetuongoza tulimwamkia, akawapokea watoto kama wajukuu wake. Aliposikia kwamba tunatoka kwenye machimbo ya Geita, akasimama. "Basi mmekuja kwenu," akasema. "Mji huu ulijengwa kwa dhahabu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kilwa haikuwa na machimbo hata moja. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nyanda za juu ambazo leo ni Zimbabwe, ikabebwa hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, na masultani wa Kilwa waliitawala biashara hiyo. Vyombo vikaja kwa pepo za kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na India, na hata vyombo vya kauri vya China vimefukuliwa kisiwani.

Ibn Battuta, msafiri mkuu wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, na akawasifu watu wake kwa dini yao. Sultani aliyemkuta ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akabadili, akampa.

Historia haifai kusomwa nusu. Katika kisa hichohicho, fakiri yule aliongezewa zawadi ya pembe za ndovu na watumwa. Watoto walilisikia neno hilo na mke wangu hakulifunika. Aliwaambia kwamba utajiri wa mji ule ulikuwa na machozi ndani yake, na kwamba hata sisi, tunapomwona mtoto wa umri wa shule akiponda mawe au akishika zebaki kwa mikono mitupu, tusijione bora kuliko waliopita.

Kasri na msikiti

Yako mambo mawili Kilwa ambayo kila mzazi angepaswa kuwaonesha watoto kwa siku moja.

La kwanza ni Husuni Kubwa, kasri la sultani lililo juu ya jabali likitazama bahari. Lilikuwa na vyumba vipatavyo 100, nyua, ngazi za kushukia majini na birika la kuogea lenye pembe nane. Ni jengo la karne ileile ya makasri ya Alhambra. Lakini wataalamu waliolichunguza wanasema inaelekea halikumalizika, na halikukaliwa kwa muda mrefu. Leo ni kuta na majani.

La pili ni Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kwanza, upande wa kaskazini, ni ya karne ya 11 au ya 12, yaani Cordoba ilikuwa bado mikononi mwa Waislamu, na zama hizo ndizo Paris walizoanza kujenga kanisa lao la Notre-Dame, mwaka 1163. Katika karne ya 14 msikiti ulipanuliwa mno kuelekea kusini. Upanuzi huo ukaja kuanguka, na katika karne ya 15 watu wa Kilwa wakaujenga upya kwa nguzo za pembe nane, matao na kuba. Haukuwa na mnara. Una mihrabu, na una mahali pa kutawadhia palipojengwa kwa uangalifu uleule uliojenga mihrabu.

Nilisimama chini ya kuba nikatazama juu kwa jicho la mchimbaji. Hapakuwa na boriti wala matimba. Jiwe lilikuwa limeshikwa na jiwe, na kila moja likiegemea jingine. Binti yangu aliweka kiganja juu ya nguzo, akakaa hivyo kitambo kirefu.

Mzee wetu akatuambia jambo ambalo sikulifikiria. Ibn Battuta alipoielezea Kilwa, alizitaja nyumba zake kuwa za miti. Leo hakuna mti hata mmoja uliosalia. Waliozikaa, waliozinunua na waliozigombania hawajulikani. Kasri la mawe nalo liliachwa. Lakini msikiti waliujenga, ukaanguka, wakaujenga tena, wakasali ndani yake kizazi baada ya kizazi. Wareno waliuvamia na kuupora mji mwaka 1505, na bado kuta za nyumba ya Mwenyezi Mungu zimesimama. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia, na baada ya miaka 10 katika orodha ya urithi ulio hatarini, yalitolewa humo mwaka 2014 kwa sababu ya kazi ya kuyahifadhi.

Wakati tukizungumza, adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka kijijini. Wakazi wa kisiwa bado wapo na bado wanasali. Tulikwenda tukasali nao.

Tuliporudi

Katika mashua ya kurejea Masoko binti yangu hakuniuliza tena walichojenga wazee wetu. Aliuliza swali gumu zaidi: "Baba, sisi dhahabu yetu itajenga nini?"

Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi na kuutazama mwisho wa waliotutangulia. Nilikuwa nikidhani maana yake ni kuona walioangamia tu. Kilwa imenifundisha kwamba pia ni kuona kilichobaki, na kujiuliza kwa nini kimebaki.

Tuliporejea Nyarugusu niliwaita wabia wangu watatu. Niliwaeleza kwamba kabla ya kugawana mafungu yetu, tutenge kidogo kwa ajili ya kisima na birika la kutawadhia katika msikiti wa mtaa, kisha darasa la madrasa la kuta imara. Wawili walikubali. Wa tatu alisema ana madeni, ayalipe kwanza. Nasi tulimwelewa, kwa sababu deni ni amana. Kisima kimekwisha kuanza kuchimbwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ninachimba shimo nikiwa na hakika ya kinachotafutwa chini yake. Binti yangu amepima msikiti wetu kwa kamba na kuuchora katika daftari, na katika mchoro wake ameongeza tao juu ya mlango. Nimemwambia asome hesabu kwa bidii.

Ndugu msomaji, si lazima familia iende mbali. Wa Kanda ya Ziwa anaweza kukusanya nauli kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Muhimu ni kuwaandaa watoto kabla ya kuondoka, kuchukua kibali, kuvaa mavazi ya staha, kutoondoka na kipande cha jiwe wala kigae, na kumsikiliza mzee wa mahali kabla ya kupiga picha. Na mkirudi, msiishie kwenye picha. Ulizaneni nyumbani, baba, mama na watoto: katika riziki hii tuliyopewa, ni kipi kitakachobaki kikiwatumikia watu baada yetu?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga na kutuachia, na atujaalie nasi tuwe miongoni mwa wanaoacha kheri nyuma yao. Amin.