Kidole Kilichotenguka: Kukitambua na Kukitibu

Katika lugha ya kila siku neno kuteguka hubebeshwa majeraha mawili ambayo tiba huyatenganisha: lile ambalo kano, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, zimevutika au kuchanika huku mifupa ikibaki mahali pake, na lile ambalo mifupa yenyewe imeachana kwenye kiungo, ambalo hapa litaitwa kutenguka. Huko Banalia, kando ya mto Aruwimi, zaidi ya kilomita 120 kwa barabara kaskazini mwa Kisangani, ambako kasia, wavu na mchi wa kutwangia sombe (majani ya muhogo) vyote hutaka mkono unaofumba barabara, kuyachanganya majeraha hayo kunaweza kumgharimu mtu kazi yake.

Kila kidole kina pingili tatu, isipokuwa kidole gumba chenye mbili, na kiungo kinachotenguka mara nyingi zaidi ni kile cha katikati. Ncha ya kidole inapogongwa na kusukumwa kinyume, kama inavyompata mlinda mlango anayepangua mpira au abiria anayeangukia mkono kutoka kwenye toleka, ile baiskeli ya kubebea watu, pingili ya kati hurukia upande wa mgongo wa mkono, na utando mnene wa upande wa kiganja, ambao kazi yake ni kuzuia kidole kisipinde nyuma, huchanika. Kidole huonekana kama kina ngazi, huvimba upesi na hakikunjiki. Kwa kuwa mfupa uliovunjika huweza kuleta sura hiyohiyo, na mara nyingine majeraha yote mawili huwa pamoja, picha ya eksirei hupigwa kwa mbele na kwa ubavu, na ile ya ubavu ndiyo isiyopaswa kukosekana.

Kabla ya kufika kituo cha afya, pete ivuliwe mara moja, kidole kifungwe jinsi kilivyo, na mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Ncha ikibonyezwa, rangi yake inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikibaki nyeupe na baridi, au ikifa ganzi, hiyo ni dharura. Palipo na jeraha wazi juu ya kiungo huhitajika kuoshwa kwa maji safi mengi, dawa za kuua bakteria na kinga ya pepopunda.

Kukirudisha kidole si suala la nguvu. Mtaalamu hudunga dawa ya ganzi kwenye shina la kidole, husubiri ishike, kisha huvuta polepole huku akisukuma kitako cha pingili iliyohama kirudi mahali pake. Kiungo kilichotenguka kikiwa kile kinachounganisha kidole na kiganja, ule utando uliochanika huweza kunaswa kati ya mifupa, na hapo kuvuta kwa nguvu huzidi kuukaza. Kishimo kwenye ngozi ya kiganja ni dalili ya hali hiyo, na tiba yake ni upasuaji.

Hatari inayopuuzwa zaidi huja baada ya kidole kunyooka, kwa sababu wengi huhesabu kwamba kimepona na kuanza kukikanda kwa maji moto, jambo ambalo huongeza uvimbe. Kidole kilichohamia upande wa mgongo wa mkono kwa kawaida hufungwa pamoja na kidole jirani kwa wiki 3 hadi 6, na hukunjwa mapema kisikakamae. Kilichohamia upande wa kiganja ni kingine kabisa: kano ya msuli unaokinyoosha huenda imekatika, na kiungo cha katikati hufungwa kwenye banzi kikiwa kimenyooka kwa wiki 6 hivi bila kukunjwa, kwani kikiachwa, kiungo hicho hubaki kimepinda huku ncha ikinyanyuka juu. Kwa hiyo mwenye kidole ambacho hakijarudi mahali pake, au ambacho baada ya kurudishwa hawezi kukinyoosha mwenyewe, asingoje mavuno yaishe ndipo asafiri kwenda Kisangani: kiungo kilichokaa nje ya mahali pake zaidi ya wiki 3 mara nyingi hakirudi tena bila kisu.