UNAUZA NYUZI ZA GITAA LA UMEME? PIMA GITAA KWANZA, NDIPO UTOE SETI

Leo naongea na wenye maduka ya spika na vifaa vya muziki hapa Tunduma, Mlowo, Vwawa na Songwe yote kwa ujumla.

Nyuzi ni mzigo mzuri: hazili nafasi, na wateja wapo. Kuna kwaya kila kona, kuna bendi, na kuna ndugu zetu wanaovuka kutoka Nakonde. Ila pakiti ikishafunguliwa hairudi dukani. Ukitoa seti isiyofaa Ijumaa, Jumapili gitaa halitulii, na hapo umepoteza kwaya nzima, siyo mtu mmoja.

NAMBA ZA KWENYE PAKITI
Seti huitwa kwa uzi wake mwembamba kuliko wote. "Namba 9" ni 9-42, "namba 10" ni 10-46, "namba 11" mara nyingi ni 11-49 au 11-48. Huo ni unene kwa sehemu elfu za inchi. Namba 10 ni inchi 0.010, yaani kama robo milimita.

KWA NINI UREFU WA GITAA UNA MAANA
Magitaa hayalingani. Stratocaster na Telecaster za Fender, pamoja na kopi zake, uzi unaopigwa una urefu wa inchi 25.5. Les Paul ya Gibson na kopi zake ni inchi 24.75. Unaweza kusema tofauti ni ndogo, lakini seti ileile, kwa sauti ileile, ikifungwa kwenye gitaa fupi inalegea kwa karibu asilimia 6. Uzi wa kwanza namba 10 unavutwa kama kilo 7.3 kwenye gitaa refu, na kama kilo 6.9 kwenye fupi. Mpigaji anausikia huo ulegevu vidoleni.

Kanuni ni hii: gitaa likiwa fupi, ongeza unene. Likiwa refu, unaweza kupunguza.

JINSI YA KUPIMA
Weka futi ya fundi cherehani kaunta. Pima kutoka kile kipande chenye vifereji kule kichwani mpaka kichuma cha 12 cha shingoni. Hiyo ni nusu ya urefu wote.

1. Sentimita 32.4: gitaa refu. Mpiga solo anayependa wepesi mpe 9, mpiga rithimu mpe 10.
2. Sentimita 31.4: gitaa fupi. Anza na 10.
3. Sentimita 29 au chini: gitaa dogo la wanafunzi. Anza na 11.
4. Sentimita 43: hiyo ni besi. Ya nyuzi nne mpe 45-105.

Muulize pia kama wanashusha sauti. Wakishusha nusu toni, nyuzi zinalegea kwa karibu asilimia 11, hivyo panda namba moja.

MAMBO MAWILI YA KUMWAMBIA MTEJA KABLA HAJALIPA
Kwanza, kuhama kutoka 9 kwenda 10 siyo jambo dogo. Kwenye gitaa refu, seti nzima ya 9 inavuta shingo kwa kama kilo 38, ya 10 kama kilo 46. Shingo inaweza kupinda kidogo na kuhitaji fundi airekebishe. Asije akasema umemuuzia nyuzi mbovu.

Pili, nyuzi za shaba za gitaa kavu usimpe mtu wa gitaa la umeme. Pikapu inashika chuma kwa sumaku, na shaba haivutwi na sumaku. Nyuzi nene zitasikika kwa unyonge.

MTAJI MDOGO UANZIE WAPI
Kwa pakiti 10, mimi ningegawa hivi: tano za 10-46, tatu za 9-42, moja ya 11-49 na moja ya besi. Ongeza nyuzi za kwanza za kuuza mojamoja, 9 na 10, maana hizo ndizo zinakatika mara nyingi, na siyo kila mtu ana hela ya seti nzima.

Mwisho, kuwa na daftari. Andika jina la kwaya, kipimo cha gitaa na namba uliyowapa. Siku nyingine wakimtuma mtoto bila gitaa, unafungua daftari na kumpa kilekile.

Una swali? Weka kwenye komenti, nitajibu. Mtumie na mwenzako mwenye duka.