Vitabu vitatu, faili moja: namna ya kutayarisha listi ya mnunuzi



Koperative nyingi za kahawa huku kwetu Kivu ziko na vitabu vitatu, kwa karatasi ao ndani ya ordinatere. Cha kwanza ni cha wanamemba: namba, jina, kijiji, telefone. Cha pili ni cha mashamba: namba ya shamba, mwenyewe, ukubwa, alama za GPS. Cha tatu ni cha mapokezi: tarehe, namba ya mwanamemba, kilo alizoleta. Kuvitenganisha ni vizuri. Mama akibadilisha telefone, sekretere anasahihisha pahali pamoja tu.

Taabu inakuja wakati mnunuzi anaomba yote kwa listi moja. Siku hizi anaomba kwa nguvu, juu sheria ya Umoja wa Ulaya 2023/1115 inataka ijulikane kahawa na kakao zimetoka shamba gani, na kwamba pale msitu haukukatwa kisha tarehe 31 Desemba 2020. Shamba linalopita hektari 4 linapimwa mzunguko wote. Kwa dogo alama moja inatosha.

Namba njo kamba

Kinachofunga vitabu hivi ni namba ya mwanamemba, si jina. Ndani ya kijiji kimoja unaweza kupata wamama watatu wa jina moja. Basi namba iandikwe sawasawa kila pahali: kwa ordinatere, «M014» na «M 14» ni watu wawili.

Kilo zinazozaa

Hapa njo wengi wanaanguka. Tuseme mama M014 ana mashamba mawili, na alileta kahawa mara mbili: kilo 60, kisha kilo 40. Ni kilo 100. Ukiunganisha mashamba na mapokezi kwa namba yake tu, kila mzigo unashikana na kila shamba. Unapata mistari minne, na jumla kilo 200! Mnunuzi atauliza: hizi zingine zimetoka wapi? Na kama komite inalipa risturne kwa listi ile, mama mmoja atalipwa mara mbili na wengine watapunguziwa.

Dawa ni kuandika namba ya shamba kwa kila bordero, siku ile ile ya kupima. Kama haikuandikwa, fanya kwanza jumla ya kilo za kila mwanamemba, halafu mashamba yake yaende kwa listi ya pembeni.

Angalisho kwa wenye kutumia RECHERCHEV ndani ya Excel: inaleta mstari wa kwanza inaoukuta, basi. Kwa jina la mwanamemba ni sawa. Kwa mashamba, shamba la pili litapotea.

Kilo zinazopotea

Bordero isiyo na namba haipati mwenyewe, na programu nyingine zinaiacha kimya kimya. Kwa hiyo anzia na kitabu cha mapokezi, uchunge mistari yake yote. Yenye kukosa mwenyewe, itafutwe kwa karatasi.

Kuandika faili

Listi ikikamilika, fanya «Enregistrer sous», chagua CSV UTF-8. Hii ni faili ya maandishi tu: mstari mmoja kwa kila mzigo, na alama kati ya vitu. Ordinatere zetu za Kifaransa zinaandika 12,5 kwa mukato, basi alama ya kutenganisha iwe nukta-mukato (;), hivi:

M014;S031;-2.104312;28.907655;60

Alama za GPS ziwe na tarakimu 6 kisha nukta. Na ile «-» ya mbele isipotee: bila yake, shamba la Kalehe linaruka kaskazini ya ikweta, zaidi ya kilomita 400!

Mbele ya kutuma

1. Jumla ya kilo ndani ya faili iwe sawa na jumla ya kitabu cha mapokezi. Ikizidi, kilo zimezaa; ikipungua, zimepotea.
2. Hesabu ya mistari iwe sawa na hesabu ya bordero.
3. Fungua faili na Bloc-notes, si Excel, juu Excel inaweza kukata 0 ya mbele kwa telefone.
4. Chagua wanamemba watano, uwaulize wenyewe: «Kilo hizi ni zako?»

Ordinatere inaunganisha tu kile tulichoandika. Listi ya kweli inaanzia pale kwa mizani, na kalamu ya yule anayepokea mzigo.