Mvua na kiangazi huwagawa mafundi wa piano

MKULIMA wa majanichai wa Kericho au Bomet hahitaji kuelezwa tofauti ya Februari na Mei. Februari jua huwa kali na mavuno hupungua. Mei mvua huwa imeshika na kikapu hujaa. Wasilolifahamu wengi ni kwamba piano iliyo kanisani au shuleni katika nyanda hizo nayo hufuata majira hayo hayo, na kwamba ndiyo yanayozua ubishi miongoni mwa mafundi wanaorekebisha sauti zake.

Piano huwa na nyuzi za chuma zipatazo 230, ambazo kwa jumla huvuta kwa nguvu ya zaidi ya tani 15. Nyuzi hizo huegemea ubao mwembamba unaokuza sauti, nao ubao hunywa unyevu wa hewa. Mvua inyeshapo, ubao huvimba, ukazikaza nyuzi na sauti ikapanda, hasa katika noti za katikati. Wakati wa kiangazi ubao husinyaa, nyuzi zikalegea na sauti ikashuka. Kwa kuwa noti hazibadiliki kwa kiasi kimoja, hatimaye hazipatani.

Hapo ndipo ratiba inapozua mvutano. Pasaka huangukia kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, wakati mvua za masika zinapoanza. Baadhi ya mafundi hushikilia kuwa kwaya haiwezi kungoja, hivyo piano irekebishwe siku chache kabla ya ibada. Wenzao hujibu kuwa huko ni kutia maji katika pakacha, kwani ubao ungali unavimba. Afadhali kusubiri majuma kadhaa hadi unyevu utulie.

Ubishi wa pili unahusu kiwango cha sauti. Mkutano uliofanyika London mwaka wa 1939 ulipendekeza kuwa noti ya A iliyo juu ya C ya kati itetemeke mara 440 kwa sekunde. Piano iliyotelekezwa kwa miaka mingi huweza kushuka kwa nusu toni. Wapo mafundi wanaoipandisha mara moja, wakihofia kuwa mwanafunzi atazoea sauti isiyo sahihi. Wengine huchelea nyuzi zenye kutu zisije zikakatika, hivyo huipandisha hatua kwa hatua, au huiacha chini ilimradi noti zipatane.

Kila upande una hoja, lakini gharama humwangukia mwenye piano. Shule inayojiandaa kwa Tamasha la Kitaifa la Muziki, ambalo kwa kawaida hufanyika Agosti, yaweza kumwita fundi mwezi Juni: ubao utakuwa umetulia, na muda wa mazoezi ungalipo. Naye mwenye fedha za kumwita mara moja tu kwa mwaka na achague mwezi mmoja, ashikamane nao kila mwaka, na aiweke piano mbali na dirisha.