Usiweke mrututu kwenye chombo cha chuma



Mvua zikishika, zizi hugeuka tope na ng'ombe huanza kuchechemea kwa kuoza kwato. Wengi huwaogesha miguu kwa maji ya mrututu, na ni dawa nzuri. Lakini hapa Nyakatuntu nimekuta maji hayo kwenye nusu ya pipa la chuma au karai la bati. Baada ya siku kadhaa ng'ombe bado wanachechemea na pipa linavuja. Mfugaji husema ameuziwa dawa feki, kumbe dawa imeliwa na chombo.

Kwa nini?

Ndani ya mrututu mna shaba, nayo ndiyo inayoua vijidudu. Metali hazilingani nguvu, kama ng'ombe kwenye hori la maji: mwenye nguvu akija, dhaifu hupisha. Kuanzia yenye nguvu hadi dhaifu ni: alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha.

Metali iliyotangulia huifukuza iliyo nyuma yake kutoka kwenye maji ya dawa; iliyo nyuma haiwezi kuifukuza iliyotangulia. Hivyo chuma cha pipa huyeyuka, na shaba hutoka majini ikaganda kwenye pipa. Bati limepakwa zinki, kwa hiyo nalo halifai. Sufuria ya alumini pia haifai.

Jaribu mwenyewe

Weka mrututu kidogo kwenye chombo cha plastiki. Tumbukiza msumari uliosuguliwa kwa msasa. Baada ya dakika chache utapata wekundu: hiyo ni shaba iliyofukuzwa. Tumbukiza waya wa shaba: hautabadilika.

Fanya hivi

1. Tumia beseni au pipa la plastiki lililokatwa.
2. Changanya gramu 50 za mrututu kwa kila lita 1 ya maji. Lita 20 ni kilo 1. Vaa glavu.
3. Osha kwanza tope na samadi kwenye kwato. Baada ya dawa, msimamishe ng'ombe pakavu.
4. Mifugo wasinywe maji hayo, hasa kondoo; shaba huwaua kwa urahisi.
5. Usimwage mtoni wala lamboni. Chimba shimo mbali na maji.

Ng'ombe anayechechemea huku akitoa udenda na ana malengelenge mdomoni huenda ana ugonjwa wa miguu na midomo. Usimhamishe, mwite Afisa Mifugo wa kata mara moja.