Embe la Kulesa na mkanda wa mtumba

Leo hebu tufuatane na embe. Chukua ngowe moja lililochumwa alfajiri kule Kulesa, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana, upande wa Garsen. Msimu ukiwa mzuri maembe huwa mengi hata mengine yakaanguka yenyewe na kuoza chini ya miti. Mwembe umefanya kazi yake. Shida huanza pale embe linapoondoka shambani.

Kutoka Garsen hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na kabla ya kuifikia lami kuna njia za udongo ambazo mvua ikinyesha au mto ukifura huwa ni matope matupu. Embe husafiri ndani ya gunia, ndani ya tenga, au humwagwa tu katika lori juu ya majani makavu. Likifika soko la Kongowea, lile la chini limebeba uzito wa wenzake wote tangu jana yake. Ukilitazama halionyeshi kitu. Siku ya pili au ya tatu unalikata nyumbani, watoto wamekaa wakisubiri, na nyama ya upande mmoja ni nyeusi. Unamlaumu mwuzaji, naye hajui lolote.

Sasa ukiwa papo hapo Kongowea, geuka uwatazame wauza nguo. Utaona marobota yamepangwa moja juu ya jingine, magumu kama matofali, kila moja limefungwa mikanda myembamba. Hapa Kenya robota la kawaida la nguo ni la kilo 45. Limevuka bahari, limeshushwa bandarini, limetupwa kutoka lori moja hadi jingine, na bado liko vile vile lilivyofungwa ng'ambo. Tena neno lenyewe "mitumba" asili yake si nguo kuukuu. Mtumba ni furushi lililofungwa. Nguo zilichukua jina la namna zilivyofungwa, na wengi wetu tumesahau.

Je, umewahi kujiuliza mkanda ule unashikilia nini hasa? Nguo hutiwa ndani ya mashine ya kushindilia, ikazibana kwa nguvu nyingi mpaka lundo la kujaza chumba likawa kifurushi cha kubebwa mgongoni. Mashine ikiziachilia, zitafura tena. Ndipo mikanda hufungwa zikiwa bado zimebanwa. Kila mkanda unaouona, basi, unazuia nguvu ya robota zima linalotaka kupasuka. Liweke hilo akilini, kwa maana tutalirudia.

Wazee wa Tana River si wageni wa mambo ya marobota. Mradi wa unyunyizaji wa Hola ulianza 1953, na ule wa Bura ukapokea wakulima wake wa kwanza 1981. Zao kuu lilikuwa pamba, na pamba ikishachambuliwa haisafirishwi ovyo. Hushindiliwa na kufungwa. Mwaka 1989 mto ulihama njia yake, mashamba ya Hola yakakosa maji, na pamba ikafifia. Hata leo ukisafiri kutoka Garsen kwenda Mombasa unapita Vipingo, katika Kaunti ya Kilifi, penye mashamba ya mkonge. Singa zake nazo hushindiliwa, robota moja kilo 250.

Zamani marobota yalifungwa kwa kamba. Katika karne ya 19 ikaja mikanda ya chuma, ambayo ingalipo kwa mizigo mizito kama mabomba na vyuma vya kujengea. Mkanda wa plastiki ulitokana na kazi ya maabara: mwaka 1954 Mwitaliano Giulio Natta alitengeneza plastiki iitwayo polipropilini, na mwaka 1963 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Plastiki hiyo ikivutwa kwa urefu wakati wa kutengenezwa, chembe zake hujipanga upande mmoja, ikawa na nguvu ya ajabu. Mkanda wa upana wa milimita 12 tu waweza kuhimili zaidi ya kilo 100 kabla ya kukatika. Ujaribu mwenyewe kuukata kwa mikono: hutaweza. Lakini ukiuchana kwa urefu, unachanika kama ukindu. Wanafunzi wa sayansi, mwulizeni mwalimu sababu yake.

Mashine inayoufunga, ile ndogo, ni kama meza ya chuma iliyofika kiunoni. Mkanda huwa umeviringishwa kwenye gurudumu kubwa mfano wa kigurudumu cha uzi. Mfanyakazi huweka katoni juu ya meza, huuzungusha mkanda juu ya katoni na kuingiza ncha katika tundu. Basi kazi yake imekwisha. Ndani, meno huuma ile ncha isiponyoke. Magurudumu madogo huurudisha mkanda nyuma mpaka ukakaza. Kisha kibamba cha moto hupenya katikati ya pande mbili zinazopandana, zikayeyuka kidogo usoni. Kibamba hutoka, pande mbili hugandamizwa pamoja, kisu hukata, na katoni iko tayari. Yote hayo ni kama sekunde mbili. Hakuna fundo wala gundi. Plastiki imejishika yenyewe. Ziko nyingine kubwa zenye tao mfano wa dirisha: katoni hupita katikati, mkanda hukimbia kulizunguka tao peke yake, na hufunga zaidi ya mara 30 kwa dakika bila mkono wa mtu kugusa.

Ufunguo wa mashine hizi zote ni kiasi cha kukaza. Mkanda ukilegea mzigo hucheza na kufunguka njiani. Ukizidi, hukata pembe za katoni na kuponda kilichomo. Ndiyo sababu utaona vipande vya kadibodi au plastiki vimewekwa penye kona.

Huenda unawaza: mbona wakulima wa Kulesa wasichangishane wakanunue mashine hiyo, maembe yakafika salama? Swali zuri, ila embe si shati. Shati likibanwa halilalamiki. Embe likibanwa limekwisha. Mkanda hauwezi kulilinda embe hata kidogo. Kinachobeba uzito ni katoni ngumu au kreti, na mkanda kazi yake ni kukifunga chombo hicho na kuvishikamanisha vingi visianguke. Anayenunua mashine kabla ya kupata katoni amenunua kufuli asiye na mlango. Tena kwa mzigo wa kikundi cha kijiji haihitajiki hata mashine ya umeme. Kipo kifaa cha mkono cha kukazia, chenye mpini wa kuvuta, na vibati vidogo vya kubana ncha mbili. Kinashikika kwa mkono mmoja na hakijui umeme umepotea.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, faida kubwa ya mkanda kwa mkulima iko mahali pengine: katika kipimo. Wakenya tunaijua lumbesa, lile gunia lililojazwa likaongezwa kilemba cha wavu juu, mkulima akalipwa gunia moja tu. Juu ya gunia unaweza kuongeza na kuongeza. Katoni iliyopimwa, ikafungwa na kukazwa haina nafasi ya "ongeza kidogo". Na mkanda ule wa kuyeyushwa ukishakatwa haurudi; aliyechomoa maembe matano njiani atajulikana. Mkulima anaweza kuuliza bei ya katoni Kongowea, akajua katoni aliyoifunga Kulesa ndiyo inayotajwa.

Sisemi ni rahisi. Katoni ni pesa, na mnunuzi anayekuja na lori lake mwenyewe, akakadiria bei kwa macho chini ya mwembe, hataki kuisikia gharama hiyo. Mkulima mmoja akimdai ailipie, atahamia shamba la jirani. Labda majirani wakubaliane wote, na hilo halitegemei mashine yoyote.

Sasa turudi kwenye ile nguvu niliyokwambia uiweke akilini. Nyumbani huletwa friji, jiko au sanduku la vigae, limefungwa mikanda, na mtu wa kwanza kuliendea huwa ni mtoto mwenye kisu cha jikoni. Mkanda wa chuma ukikatwa huruka kama nyoka aliyekanyagwa, na hutafuta uso. Usiukate kwa panga wala kuung'oa kwa nondo. Tumia mkasi wa bati, vaa glovu na miwani, simama kando ya mkanda badala ya mbele yake, na watoto wawe mbali. Wa plastiki nao huruka, ingawa si kwa ukali huo. Wala usiinue mzigo kwa kuushika mkanda, hata kama vidole vyako vinaona kama umewekwa kwa ajili hiyo.

Ukishaukata, usiuchome, moshi wake si wa kuvutwa. Wala usiutupe ukiwa bado ni duara, maana mbuzi na punda hutia shingo humo. Huko mjini kuna wanaoukusanya na kuufumia vikapu vya sokoni, vya manjano, buluu na kijani, vinavyodumu miaka. Mkono ni ule ule unaosuka miaa: mkanda mmoja juu, mmoja chini, ukingo ukakunjwa. Ukienda Kongowea Jumamosi, huenda ukayabebea maembe yako katika kikapu kama hicho, kilichofumwa kwa mikanda iliyokuja imefunga mashati.